Ngazi za Kupandisha Presha

Jumatatu, 3 Machi. Miaka thelathini na minane tangu niondoke kwetu, na siku kumi na moja. Dada amepiga simu. Anataka nirudi nyumbani Juni. Mpwa wangu ameahidi tiketi, na chumba changu kinapakwa rangi. Nikasema presha hainiruhusu. Akasema basi daktari aandike. Amenibana. Mtaa wetu naukumbuka nyumba kwa nyumba. Yeye anasema zimebaki tatu tu zilizosimama. Sitaki kuziona hizo tatu.

Alhamisi, 6 Machi. Zahanati, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Muuguzi alinipima ningali nahema: 168 kwa 98. Furaha yangu ilidumu dakika kumi. Alinikalisha, akapima tena: 152. Hata hivyo daktari akasema ikibaki hapo hadi mwisho wa Aprili, ataandika nisisafiri. Kumbe siri ni ngazi! Muuguzi akaanza kueleza kwamba mazoezi hupandisha presha kwa muda mfupi tu, ila mtu akizoea... Nikamshukuru, nikaondoka. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata.

Ijumaa, 7 Machi. Mpango: ngazi za jengo letu, ghorofa tano, mara tatu kila asubuhi. Niliwaza kuacha vidonge vya presha, lakini nilimwapia marehemu mke wangu kwamba sitaviacha, na mimi si tapeli wa kiwango hicho. Fundi, mshonaji mstaafu wa mlango wa pili, alinikuta nimekumbatia ukuta ghorofa ya tatu. Akauliza, mzee mwenzangu, unakimbizwa na nani? Akaongeza kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kisha akanipita na kikapu chake, anapiga mluzi.

Jumanne, 25 Machi. Nimempita Fundi ghorofa ya nne. Nilipiga mluzi. Jambo moja linanitia shaka: sihemi kama zamani, na usingizi ni wa mtoto mchanga. Dalili mbaya bila shaka. Damu inajikusanya. Nimeongeza mzunguko wa nne.

Jumatatu, 28 Aprili. Nilipanda ngazi za zahanati mbiombio. Muuguzi akagoma kunipima mpaka nitulie. Nikatulia. 126 kwa 80. Nikamwambia mashine imekufa. Akaleta nyingine: 124. Akajipima mwenyewe, akanionyesha yake: 131. Akasema, hongera babu, moyo umezoea kazi, sasa hausukumi kwa nguvu nyingi. Daktari akaandika kwa mkono wake kwamba naweza kusafiri popote duniani. Neno "popote" amelipigia mstari.

Jumanne, 29 Aprili. Mpwa alimpigia dada simu, akamsomea barua ya daktari. Dada akalia, akacheka, akalia tena. Chumba kimekwisha, anasema, kimepakwa samawati kama kilivyokuwa. Kilikuwa cheupe. Sikumsahihisha.

Jana usiku kucha sikufumba macho, na sasa kosa nimeligundua. Ngazi zilikuwa chache! Fundi, aliyesikia habari, amenipa mkono na kuniomba tupande ngazi pamoja asubuhi, maana presha yake imepanda na anataka kuishusha. Nimemwonea wivu kupita kiasi. Kesho tunaanza mizunguko sita, nami nitabeba kamusi mbili mgongoni. Hadi Juni kuna siku za kutosha. Presha itapanda tu, haina ujanja.

Sitarudi.