Mahafali ya Kwanza ya Chuo cha Jiolojia, Vunamurmur

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi Geua Rarua, Mkaguzi wa Majengo ya Elimu kutoka Wizarani, uliyeshuka kwa ndege ya asubuhi na faili lako la bluu ambalo naona hukuliachia hata ulipokuwa ukinywa dafu, Waheshimiwa Madiwani, Baba Mchungaji, Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara na wanaowakaimia Makaimu, wazee na akina mama wa ukoo uliotoa ardhi, wauza popoo wa soko letu, ambao nawaomba mtafune taratibu ili kipaza sauti kisiwanase, walimu wa shule ya msingi mliotuazima uwanja, vijana wa kwaya mliopendeza ndani ya majoho, na nyinyi mliopanda juu ya uzio, shukeni, huo uzio ni mali ya umma: itifaki imezingatiwa.

Mimi, Benaia ToVarvat, Mwenyekiti wa Kamati ya Mkoa ya Miamba, Elimu ya Juu na Mambo Yanayofanana na Hayo kwa vipindi vitatu mfululizo, kimoja kikiwa cha kukaimu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifia, kutangaza kwamba leo tunafanya Mahafali ya Kwanza ya Chuo cha Jiolojia cha Vunamurmur, chuo ambacho, kwa mujibu wa taarifa niliyoiandika mwenyewe na kuipitisha mwenyewe kwa kauli moja, kimeongeza uelewa wa mawe katika mkoa huu kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Makofi kutoka meza kuu. Sauti ya mama mmoja: "Chuo chenyewe kiko wapi, baba?")

Swali zuri, mama, na jibu lake liko ukurasa wa saba. Sasa tuko ukurasa wa kwanza.

Ndugu wananchi, miaka sita iliyopita nililala nikaota kwamba kisiwa hiki, chenye volkeno inayopumua, matetemeko kila mwezi na mawe mepesi yanayoelea majini kama maganda ya nazi, hakina hata mtoto mmoja aliyesomea ardhi anayoikanyaga. Nikaamka. Nikaitisha semina elekezi ya siku tisa, tukafanya upembuzi yakinifu, tukaandaa mpango mkakati wenye dira, dhima, malengo makuu, malengo madogo na malengo ya kati, na mwisho nikaja hapa kwenu kuomba ardhi. Ukoo wa Mama IaTinge ukaitoa. Pale juu, mnapaona, pale mlima ulipobaki mwekundu kama kidonda. Palikuwa na shamba lao la kakao, miti mia tatu, iliyopandwa na bibi yao. Tuliikata yote kwa siku mbili, kwa ufanisi ambao hata mimi ulinishtua. (Mtu anakohoa.)

Baada ya kakao kuondoka, tulisimamisha kibao. Wananchi, kibao kile! Rangi tatu, jina la chuo juu, jina langu katikati kwa herufi kubwa kidogo kuliko la chuo, kwa sababu za usawa wa mchoro. Na kwa kuwa serikali yangu haipendi kuchelewa, tulitoa barua za kujiunga kwa vijana arobaini, zenye mhuri, zikiwataka wafike Jumatatu saa mbili asubuhi na nyundo, daftari, godoro na sahani.

Hapa ndipo anapoingia mhitimu wetu. Simama, binti, wakuone. (Relvi IaMinio, mwanamke kijana mwenye buti zenye tope, anasimama. Vifijo vinadumu dakika nzima. Mwenyekiti anainua mikono kuvishukuru.)

Huyu ni Relvi, binti wa Mama IaTinge huyohuyo. Jumatatu ile walifika vijana thelathini na wanane. Wawili waliugua, Mungu aliwapenda. Wenzake waliona kibao, wakaona visiki, wakarudi makwao jioni. Huyu akabaki. Alikaa chini ya kibao wiki tatu. Kila asubuhi alifagia pale chini, usiku akalala kwa mama yake, akarudi kesho yake. Nilipita siku moja na gari, nikashusha kioo.

"Binti, unafanya nini hapo?"

"Nasubiri mwalimu, mzee."

"Chuo kiko kwenye mchakato."

"Nitajuaje kwamba mchakato umefika?"

Nikamwambia, kwa upole wangu mnaoujua, kwamba tunayo dira. Akachangamka, akasimama, akanyoosha mkono: "Nipe basi niitumie, mzee, nimesoma kwamba dira ndiyo ya kupimia mlima unavyoinama." (Kicheko kirefu. Bi Rarua anaandika kitu kwenye faili.) Mheshimiwa Mkaguzi, hilo si lazima liandikwe.

Basi mjomba wake, mzee ToPidik, ambaye yuko pale nyuma na ambaye naomba asinyooshe kidole, aliuza nguruwe wake wawili, akamtia melini, akampeleka chuo kikuu cha mji mkuu. Nataka ieleweke kwamba alikwenda kule kama mwanafunzi wetu tuliyemuazimisha. (Mzee ToPidik: "Nguruwe nao mliwaazimisha?") Mzee wangu, nafasi ya maswali itakuwepo kama muda utaruhusu, nao hautaruhusu.

Huko, kwa mujibu wa ripoti za maendeleo, yaani barua alizomwandikia mama yake na ambazo mama alikataa kunisomea mpaka nilipombebea kuni, binti alisoma miaka minne. Mwaka wa kwanza walimzamisha kwenye hesabu na kemia mpaka akauliza kama mawe yapo kweli au ni uvumi. Mwaka wa pili walimfundisha kulitambua jiwe kwa kuligonga, kulikuna, kulitazama kwa kioo cha kukuzia, na udongo kuutia mdomoni ili meno yajue kama kuna chembe za mchanga. Mwaka wa tatu walimpeleka milimani wiki sita, atembee kutwa na achore ramani. Alichora ramani nzuri, wananchi, yenye rangi, na mwalimu wake, mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani, akaichana mbele ya darasa akamwambia: "Umechora ulichotaka kukiona. Rudi ukachore kilichopo."

Alilia siku nzima, anasema, kisha akarudi mlimani. Nami nasema hayo ni maneno mazito, na ningeyasema mwenyewe kama ningekuwepo. (Makofi. Bi Rarua anamtazama Mwenyekiti, si faili.)

Desemba iliyopita alikuja nyumbani na kazi yake ya mwisho: kuchora ramani ya mlima wa kwao. Siku ya nne akaja ofisini kwangu akiwa na tope mpaka magotini. Nilikuwa kwenye kikao, nikakiahirisha, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

"Mzee, mlima umepasuka juu. Ufa una urefu wa hatua themanini, na unapanuka. Nimepigilia vijiti huku na huku, kwa siku tatu vimeachana kiganja kizima."

"Ufa upande upi?"

"Juu ya visiki. Mizizi ya kakao inaoza, hakuna kinachoshika majivu yale ya volkeno. Mvua ikija kubwa, yote yatashuka. Chini kuna kaya kumi na moja."

Nikamuuliza kama ana andiko. Analo, kurasa kumi na mbili. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikagonga mhuri, nikaunda kamati ndogo ya kulisoma. (Sauti ya mama: "Ilisoma?") Mama, ilikuwa inasubiri miwani ya katibu. (Zomeazomea.)

Nawaomba utulivu. Nawaomba. Najua mnachotaka kusema. Binti hakuisubiri kamati. Alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka, eti mtoto amekwenda mjini kulamba udongo amerudi na homa. Mzee mmoja akamwambia, "Binti, hapa nimezaliwa, mlima huu unanijua." Akamjibu, "Haukujui, babu. Njoo nikuonyeshe." Akampandisha, akamshika mkono, akamwambia auingize kwenye ufa. Mkono ukaingia mpaka begani. Mzee alishuka, akaanza kufungua paa la nyumba yake.

Mama IaTinge ndiye aliyehama wa kwanza. Najua alivyosema, kwa sababu alisema kwa sauti ya kufika ofisini: "Niliwapa ardhi wasionijengea chochote. Mwanangu hajaniomba ardhi, ananiomba niishi. Beba sufuria." Kaya zote kumi na moja zikahamia hapa, kwenye madarasa haya, mikeka kwa mikeka, Krismasi nzima na baada yake.

Mwezi wa pili mvua ikanyesha siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne mlima ukashuka. Nyumba kumi na moja, kisima, jiko la pamoja na mawe yake ya moto ya kupikia aigir, chakula chetu cha nyama na mboga katika tui, vyote chini ya tope la kina cha mtu mrefu juu ya mtu mrefu. Tulihesabiana hapa uwanjani. Hakupungua hata mmoja. (Watu wanasimama. Wengine wanalia. Mama IaTinge anamshika binti yake shingoni. Mwenyekiti anasubiri, akifuta jasho.)

Ahsanteni. Sasa tuko ukurasa wa saba.

Mheshimiwa Mkaguzi, umesafiri kuja kukiona chuo. Ni kwa majonzi makubwa, na kwa sauti inayotetemeka, kwamba nalazimika kukuarifu kuwa siku ile ile, saa ile ile, maporomoko hayo katili yalikimeza Chuo cha Jiolojia cha Vunamurmur. Maabara mbili zilikwenda. Maktaba ilikwenda. Darubini thelathini na sita, viti mia mbili, bweni la wasichana, bweni la wavulana, na uwanja wa mpira wa kikapu ambao rangi yake ilikuwa haijakauka. (Sauti: "Kilikuwa na orofa ngapi, mwanangu?") Mbili, mama. (Sauti nyingine: "Na lifti?") Lifti ilikuwa kwenye mchakato. Mheshimiwa, vyote viko chini ya tope lile, na hakuna binadamu awezaye kujua kilichofukiwa kule, ila Mungu na Kamati yangu. Naomba faili lifungwe kwa heshima ya marehemu majengo.

(Relvi ananyoosha mkono.)

Binti, shahada utapewa baadaye. (Bi Rarua: "Mwache aseme.") Lakini ratiba, Mheshimiwa... (Bi Rarua: "Mwache aseme, Mwenyekiti. Kaa.")

Nimekaa. Katibu, andika kwamba nimekaa kwa hiari yangu.

(Relvi, bila kipaza sauti: "Shikamoo mama Mkaguzi. Nimeajiriwa mwezi uliopita na kituo cha kuchunguza volkeno, na kazi yangu ya kwanza ni mlima huu. Watu wanataka kujua kama wanaweza kurudi, kwa hiyo tumechimba mashimo tisa kwenye tope. Pale juu sehemu ya ardhi ya zamani haikuondoka, ilifunikwa tu. Ndipo kibao kilipokuwa. Chini ya tope kuna udongo mweusi, na chini yake kuna tabaka la majivu meupe ya mlipuko wa zamani, unene wa vidole vitatu. Limetandazwa kama shuka, shimo hadi shimo, halijakatwa popote. Ukichimba msingi wa jengo lazima ulikate. Hakuna aliyewahi kuchimba pale hata msingi wa choo. Tumekuta visiki vya kakao, alama za shoka bado zinaonekana." Mzee ToPidik: "Na darubini?" Relvi: "Hapana, mjomba. Kijiko kimoja. Kilikuwa changu." Kicheko kinachotikisa uzio. Bi Rarua anamwomba Relvi amwandikie hayo na kuweka sahihi.)

Ahsante, ahsante binti yetu. Tulieni, nimesimama tena. Wananchi, mnaona matunda ya elimu? Mnaona jinsi jiolojia inavyomwandaa kijana kwa maisha ya kazi, akasoma tope kama mimi ninavyosoma hotuba, tena yeye bila karatasi? Nampongeza, na kwa kuwa kiongozi wa kweli hupokea ushahidi mpya kwa moyo mkunjufu, hasa ukiwa umeshaandikwa na kuwekwa sahihi, naomba sasa mlitazame suala hili kwa jicho pana. Tuseme tungejenga. Tuseme Kamati yangu ingekuwa na papara, kama kamati za mikoa mingine nisizotaka kuzitaja, ikajenga kwa wakati. Alfajiri ile wangekuwa wamelala mabwenini vijana mia mbili! Nani aliyewaokoa? (Watu wote kwa pamoja: "Relvi!") Relvi aliokoa kaya kumi na moja, sikatai, iko kwenye kumbukumbu. Lakini vijana mia mbili, walimu kumi na tisa na wapishi wao waliokolewa na Kamati hii, kwa miaka sita ya kutofanya chochote bila kuyumba, bila kuchoka, na bila kukubali shinikizo! (Makofi ya mtu mmoja: dereva wake.)

Jiolojia! (Sauti chache: "Juu!") Miamba! ("Imara!") Mchakato! ("Uishe!") Si hivyo, tumefanya mazoezi jana, jibu ni "Uendelee". Mchakato! ("Uishe! Uishe!")

Basi, nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Baba Mchungaji kwa majoho, ambayo yarudi kanisani kabla ya Jumapili. Naishukuru kwaya kwa kukubali kuwa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili na wa tatu. Namshukuru Mama IaTinge kwa ardhi, na naahidi kwamba suala la miche ya kakao... (Mama IaTinge: "Mingapi? Lini?") Mia tatu, mama. (Bi Rarua: "Lini?") Kabla ya mvua, Mheshimiwa. Ndiyo, andika, nitaweka sahihi. Na mwisho kabisa nakishukuru Chuo chetu cha Jiolojia, ambacho hakikuwahi kumdhuru mwanafunzi, hakikuwahi kumfukuza mwalimu, na ambacho, katika majengo yote niliyoyazindua kwa mkono wangu huu, ndicho pekee ambacho mpaka leo hakijawahi kuvuja. Ahsanteni kwa kunisikiliza.