Malalamiko Kuhusu Waya wa Buluu Ulioua Ugomvi Wetu

Shirimatunda, Moshi
23 Aprili 2007

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ukoo, ambaye pia ni Baba Mdogo wangu Daniel,
Sanya Juu.

YAH: KUPOTEZA UGOMVI HALALI BILA RIDHAA YANGU

Shikamoo Baba Mdogo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Naandika kwa heshima zote kukuomba uitishe kikao cha ukoo kabla jambo hili halijaota mizizi. Kama unavyokumbuka, mimi na mdogo wangu Primus hatusemezani tangu Krismasi ile alipochinja mbuzi nyumbani kwake, akampa shemeji yake nyama ya mgongo, ambayo marehemu baba alikuwa akiniwekea mimi mtoto wake wa kwanza. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ukasema ni nyama tu. Nilikusamehe.

Tangu siku hiyo nimeutunza ugomvi ule vizuri sana. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa masale na migomba michache, lakini hatukuwahi kugongana. Yeye akienda misa ya kwanza, mimi nilikwenda ya pili. Nikimkuta buchani, nyumbani kwangu tulikula dagaa juma zima. Hata wateja wa duka langu la dawa za mifugo kule Bomang'ombe walikuwa wakiniulizia hali ya ugomvi kabla ya kuulizia dawa ya kupe, nami niliwajibu kwamba unaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Sasa ugomvi huo haupo tena. Naomba nieleze jinsi ulivyouawa.

1. Waya uliingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Mwishoni mwa mwaka jana nilirudi kutoka dukani nikakuta waya wa buluu umetoka dirishani kwa Primus, umepita juu ya masale, umefungwa kwenye mparachichi wangu, kisha umepitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukutani na kuingia sebuleni. Nilimuuliza mke wangu Magreth hicho ni kitu gani. Akasema ni intaneti. Nikamuuliza imetoka wapi. "Kwa majirani," akajibu, huku anapepeta mchele.

Nilipochunguza nikagundua kwamba mke wa Primus, Victoria, ambaye ni karani wa kampuni ya kuongoza wageni mlimani, alijifunza kazi hiyo ya kuvuta waya ofisini kwao. Kuna modemu iliyoungwa kwenye simu yao ya mezani, na kando yake kuna kijisanduku chenye taa za kijani kinachogawa mtandao kama mama anavyogawa chakula: kompyuta ya kwao hii, ya kwetu hii. Wake zetu walipanda ngazi wenyewe, mchana, sisi tukiwa kazini. Hawa wawili hawajawahi kuuheshimu ugomvi wetu hata siku moja.

Nilichukua panga. Magreth hakunizuia. Aliwasha tu kompyuta, akafungua barua pepe ya binti yetu Beatrice, yule aliyeko Uingereza kwa kazi ya uuguzi, nikamwona mjukuu wangu kwa mara ya kwanza, amelala, amekunja ngumi. Baba Mdogo, mtu hawezi kukata waya ambao mjukuu wake yumo ndani. Nilirudisha panga jikoni.

2. Kuna folda. Folda ni kama kabati ndani ya kompyuta, na hili letu lina milango miwili: ukilifungua kwetu, liko wazi na kwao. Magreth aliweka picha za mtoto humo ili Victoria azione. Nilipinga, pingamizi langu likapokelewa, na picha zikabaki. Siku ya pili Primus akaweka humo picha ya zamani ya marehemu baba amevaa ile kofia yake, amesimama kando ya kahawa iliyoanikwa. Sikutaka kuitazama. Ilifunguka yenyewe baada ya mimi kuibofya mara mbili.

Kwa kujilinda, nilitafuta picha ya Primus akiwa mtoto, analia juu ya mgongo wa ndama. Nilimwomba Magreth aende nayo shuleni anakofundisha, aiingize kwenye mashine inayonakili picha kuipeleka kwenye kompyuta, kisha nikaitia kabatini. Jioni nilimsikia Primus ng'ambo ya masale akicheka mpaka akakohoa. Naomba kikao kitambue kwamba sikumpa adui yangu idhini ya kufurahi. Nami nilicheka, lakini nilikuwa ndani, na madirisha nilikuwa nimeyafunga.

3. Migomba ilitumikishwa. Mtandao wenyewe ni mwembamba, na Primus, kama ujuavyo, ni mwalimu wa kwaya. Akianza kushusha nyimbo, kwangu kila kitu kinasimama. Mjukuu anatokea kuanzia juu, paji la uso linafika, pua inangojewa. Na mimi mtu huyu simsemeshi! Ikabidi nitoke uani niongee na migomba. Nilisema kwa sauti ya kawaida tu, "Nyie migomba, kuna mtu anashusha kwaya nzima na wenzake hawapati hata pua ya mtoto." Migomba ikajibu kwa sauti ya Primus, "Mwambieni huyo mtu zimebaki beti mbili."

Utaratibu huu ulitufaa sana, na ningependa kumbukumbu za ukoo zionyeshe kwamba ulikuwa wa halali, maana hakuna aliyemsemesha mwenzake. Lakini siku moja niliieleza migomba kwamba mtu huyo aizime modemu na kuiwasha tena, na Primus, badala ya kupitia kwa migomba, akanijibu mimi mwenyewe: "Nimeshawasha kaka, jaribu."

Nikasema, "Imeshika, asante."

Nilipotambua nilichosema, kilikuwa kimeshatoka. Magreth alikuwa anakamua ng'ombe. Alinitazama, akaendelea kukamua.

4. Hotuba yangu imeniozea kifuani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Miaka yote hii nilikuwa na hotuba tayari ya siku Primus atakapokuja kuniomba msamaha. Ilikuwa na methali, mstari wa Zaburi, na mahali pa kunyamaza ili yeye apate nafasi ya kulia. Basi Jumapili ya Pasaka Beatrice akatuma picha za ubatizo. Kompyuta ya Primus ilikuwa imekufa kioo, kwa hiyo akapita kwenye upenyo ambao Victoria aliutengeneza kwenye masale alipokuwa akivuta waya, akaingia sebuleni kwangu, akavuta kiti. Hakuomba msamaha. Aliomba nisogee kidogo.

Tulimtazama mtoto kwa muda mrefu, amevaa nguo nyeupe, kasisi amemshikia kichwa. Nilikuwa nasikia Primus anavyopumua. Anapumua kama baba. Mwishowe akasema, "Kaka, hilo paji la uso ni la mzee."

Niliitafuta hotuba yangu, nikaikosa. Nikasema, "Ni la mzee kabisa."

Magreth akaleta pombe ya mbege, kata moja kwa watu wawili, kana kwamba nyumba hii haina vyombo. Tukanywa. Sasa niambie, Baba Mdogo, hotuba ile nitampa nani? Sina adui mwingine, na kwa umri wangu si rahisi kuanza upya.

5. Bomang'ombe sasa watu wanaulizia dawa ya kupe moja kwa moja.

6. Hatari kwa ukoo. Leo ni waya mmoja wa Shirimatunda. Kesho utafika Sanya Juu, na wewe na Shangazi Salvina, ambao hamjapeana mkono tangu maneno ya ule mfereji, mtajikuta mnatumiana picha za wajukuu. Keshokutwa ukoo mzima utakuwa umepatana. Kikao cha ukoo kitakosa mashauri, na kisichokuwa na mashauri hakihitaji mwenyekiti. Nalisema hili kwa kukupenda.

Kwa hiyo naomba kikao kitamke kwamba ugomvi wetu bado upo kisheria, hata kama hauonekani kwa macho. Primus aamriwe kuninyima nyama ya mgongo Krismasi ijayo mbele ya mashahidi. Wake zetu waonywe kwa maandishi, na ngazi ihifadhiwe kwako. Tena kuanzia sasa, ndugu yeyote asivute waya kwenda kwa ndugu yake asiyesemezana naye bila kibali chako chenye mhuri. Waya wetu wenyewe usiguswe, kwa sababu ya mtoto.

Nisalimie Mama Mdogo Veronika, Martha na watoto wake wote, jirani zako wa juu na wa chini, wanajumuiya, na yule ng'ombe aliyezaa mapacha. Magreth anakuamkia. Hajui ninaandika nini.

Ni mimi mwanao, niliyenyang'anywa haki yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe,

Aristides Lyimo

N.B. Baba Mdogo, barua hii nilikuwa sijaifunga. Jana mchana mvua ilishuka na radi, modemu ikaungua. Nikajiambia, haya, Mungu mwenyewe ameamua, ugomvi urudi mahali pake. Nikakaa sebuleni nikingoja uanze. Haukuanza. Kulikuwa na kimya tu upande wa pili, na sikukipenda kimya kile. Asubuhi ya leo nikavuka masale mwenyewe. Primus alikuwa amekaa mbele ya kijisanduku kisicho na taa kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Twende mjini tukatafute nyingine." Akasema alikuwa anavaa viatu aje kuniambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo usiitishe kikao. Na unisamehe kwa mwandiko huu wa mwisho: naandikia ndani ya pikapu ya Primus, naye hakwepi shimo hata moja, maana macho yake yote yako kwenye barua hii.