Marhamu ya Kiti cha Kumi na Tatu

Jumanne, 3 Juni

Uanafunzi wangu wa mwaka mmoja na siku moja unakwisha mwezi huu. Nimefaulu kila kitu. Kuimba, kunyamaza, kutaja nyota (zile kubwa), kunywa chai ya majani yanayowasha bila kukunja uso. Kimebaki kiti tu.

Kilinge chetu cha wachawi wa Polskeddy kina watu kumi na tatu. Hakizidi, hakipungui. Mzee Gwennap kahamia Plymouth kwa binti yake, kiti chake kiko wazi, na wanaokitaka ni wawili. Wa kwanza mimi, Denzil Tregear, mpishi wa meli mstaafu, niliyewahi kumlisha nahodha wa Kigiriki mpaka akamkumbuka mama yake. Wa pili Petroc Bolitho, daktari wa meno mstaafu, mwenye joho la mahameli na hofu ya mvua.

Leo Mama Mkuu wetu, Loveday Nance, katangaza mtihani. Kila mmoja atengeneze marhamu kwa mikono yake. Mkesha wa Mtakatifu Yohana, tarehe 23, tutapanda kwenye mawe ya duara kule nyikani, kila mmoja atataja mbele ya wote kilichomo ndani, kisha kilinge kizima kitapakwa. Itakayopendeza ndiyo itakayomwingiza bwana wake. Hakuna atakayekagua. Neno la mchawi linatosha.

Akaongeza kwamba hataki chochote kilichotoka kwa mnyama. Hata nta ya nyuki, maana nyuki hawakuombwa ruhusa. Aliposema hayo aliniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Petroc kashaloweka maua yake kwenye mafuta tangu mwanzo wa Mei. Chupa iko dirishani, anaigeuza kila asubuhi kama mtoto mchanga. Mimi sijaanza. Sina presha. Mimi ni mpishi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeamka na jogoo wa jirani kwenda kuchuma. Pakanga kando ya mto, kalendula kwenye bustani ya dada yangu Morwenna (alikuwa amelala, sikutaka kumsumbua), rozimari ukutani kwa kanisa. Mchungaji kanipungia mkono. Mtu mwema sana, anajua sisi ni akina nani na bado anatuazima viti vya ukumbi.

Nikakutana na Petroc njiani. Akatazama kikapu changu, akauliza kwa upole wa kidaktari kama nitaanika. Eti majani hukaushwa mpaka yakatike yakikunjwa, maji yakiingia kwenye mafuta ni balaa. Nikamwambia, kaka, kikavu ni maiti, mimi natengeneza dawa yenye uhai.

Nimejaza chupa. Vyote vibichi, umande juu yake. Mafuta ya zeituni mpaka shingoni. Nimetamka baraka niliyotunga mwenyewe, maana ile ya kitabuni ni ndefu na mgongo unauma. Morwenna, anayekaa ghorofa ya chini, kapanda kuuliza kwa nini kalendula zake zimekatwa vichwa. Nimemlaumu konokono.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa Petroc kuomba sukari. Sihitaji sukari. Nilitaka kuiona chupa.

Ni nzuri. Naandika kwa uchungu. Ina rangi ya asali, imetulia, haina hata tone la taka.

Basi nikakaa, nikanywa chai yake, nikaisifu chupa. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyetembea dunia kwamba Manila nilimwona mganga mkongwe akipima marhamu kwa kijiko. Anaigonga. Isipolia kama kengele, nta haijatosha. Petroc kafungua macho. Akauliza iongezwe kiasi gani. Nikamwambia, mzee wangu, ongeza mpaka moyo ukuambie, halafu ongeza tena.

Manila nilikaa nusu siku. Nilinunua ndizi.

Ijumaa, 13 Juni

Maafa. Chupa yangu imeota manyoya.

Si utani. Manyoya ya kijivu, laini, na chini yake kitu kinatoa mapovu taratibu kama kinafikiri. Nimeifungua, nimeifunga. Morwenna kapanda kwa sababu ya harufu. Katazama, kauliza inakula nini, na kama itahitaji kutolewa nje kwenda haja pamoja na mbwa wake. Nikamjibu kwamba katika uganga kila kitu hupitia hatua. Akasema hatua hii ipitie kwenye ndoo ya taka.

Nimeimwaga. Hakuna muda wa kuloweka nyingine.

Naandika kitu kimoja kisha nakwenda kulala. Januari nilipopigwa na mafua, siku ya pili hodi. Loveday, halafu Bi Jenifer Hocking, halafu wengine, kilinge kizima ndani ya chumba changu kimoja, na sufuria ya supu ya dengu isiyo na chumvi. Petroc alinipima joto. Miaka yote ya baharini nimepikia watu elfu, sikumbuki aliyewahi kunibandikia maji. Nikikosa kiti hiki, jioni za Alhamisi nitakaa na redio. Redio haiulizi ulikuwa wapi.

Supu ilikuwa mbaya sana lakini.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeokoka.

Nilifungua friza kutafuta njegere nikakuta kopo la mafuta ya bata bukini wa Krismasi. Meupe, laini, yamekaa yananisubiri. Yalichujwa na mkono wangu mwenyewe, yana rozimari ndani tayari, na kitunguu kidogo.

Najua alichosema Mama Mkuu. Nimelitafakari jambo hili kwa kina, muda wote wa kuyeyusha. Bata huyu alikufa Desemba. Alikufa kwa ajili ya chakula, si kwa ajili ya marhamu. Kwa marhamu hakuumizwa hata kidogo. Tena wachawi wa zamani walipaka mafuta gani? Zeituni haioti hapa Cornwall. Mimi ndiye ninayerudisha mila.

Nimetia pakanga, kavu safari hii, nimemwibia Petroc kwenye kamba yake ya kuanikia. Nimetia nta ya mmea, kwa heshima ya nyuki. Nimekoroga kuelekea jua linakokwenda. Imetoka nyeupe kama maziwa, inayeyuka ukiigusa tu. Nimejipaka viwiko. Viwiko vyangu vimerudi utotoni.

Nelson, mbwa wa Morwenna, kalala mlangoni kwangu tangu mchana. Haondoki. Nadhani amehisi nguvu.

Alhamisi, 19 Juni

Mkutano ukumbini. Tumekutana mapema kwa sababu baadaye kuna mazoezi ya viungo. Nikapitisha kopo wanuse, kidogo tu, kuwatia hamu.

Ushindi. Bi Jenifer akanusa, akafumba macho, akasema inanukia nyumba ya mama yake siku ya Jumapili. Mwingine akasema anaona meko. Loveday akalishika kopo muda mrefu kuliko wote. Akauliza, Denzil, ni nini kinachonukia hivi? Nikasema rozimari. Kweli kabisa. Rozimari imo.

Petroc hakupitisha yake. Akasema bado inakomaa. Amevaa joho na ana lengelenge kwenye kidole cha kati. Nadhani ni la kugonga kijiko.

Jumanne, 24 Juni

Ya jana nayaandika nikiwa nimekaa upande mmoja.

Tulipanda nyikani jua likiwa bado juu ya bahari. Moto mkubwa katikati ya mawe, mashada ya maua yakatupwa ndani, sote pekupeku, mikono wazi. Watembezi wachache na mbwa wao wakasimama mbali kutazama, kama kila mwaka. Morwenna alikuwepo na Nelson, kwa nia ya kucheka, alisema wazi.

Petroc akaanza. Akataja vilivyomo kwa sauti ya kanisani. Akafungua kopo, akachovya kidole. Kidole hakikuingia. Akajaribu ukucha. Akaomba kisu. Mwishowe akachukua bonge zima akalisugua kwenye paji la uso la Bi Jenifer, likaacha mistari kama chaki ubaoni. Bi Jenifer akamwambia, polepole baba, hapo nina ngozi tu. Niliona huruma. Ilipita.

Zamu yangu. Nikasimama, nikataja: rozimari, pakanga, nta ya mmea. Nikanyamaza mahali ambapo bata bukini angekaa.

Nikapaka. Paji la uso, viganja, nyayo. Iliteleza kama hariri. Watu wakaanza kuguna kwa raha. Mmoja aliomba na magoti, yanamsumbua. Nikampaka magoti. Mtu yeyote mwenye macho angeona kiti changu kinapanguswa vumbi.

Kisha Mama Mkuu, kama desturi, akapita kumbusu kila aliyepakwa kwenye paji la uso. Akambusu wa kwanza. Akasimama. Akalamba midomo. Loveday hajala nyama miaka kumi na moja. Akambusu wa pili, akalamba tena, macho yakaenda mbali. Alipofika kwa Bi Jenifer busu lilikuwa refu kupita ibada, na Bi Jenifer akauliza kama kuna tatizo.

Moto ukakolea. Harufu ya Krismasi ikapanda nyika nzima.

Loveday akajikaza, akarudi katikati, akainua mikono na kuwaita roho walinzi wa pande nne za dunia waje. Wakaja. Wa kwanza alikuwa Nelson. Nyuma yake mbwa wa watembezi, kamba zikiburuzwa, na nyuma yao wale wawili wa kuchunga kondoo wa shamba la Hendra, ambao sijui walisikiaje. Kilinge kilikuwa kimefumba macho. Bi Jenifer akasema kwa unyenyekevu kwamba roho imemgusa unyayo, na ni roho yenye unyevunyevu.

Halafu akafungua macho.

Sitaeleza yote. Watu wazima walikimbia wakizunguka mawe. Mtu wa magoti alipanda juu ya jiwe, akafuatwa. Petroc, ambaye hakupakwa, hivyo mbwa hawakuwa na shida naye, alivua joho lake la mahameli akamfunika Bi Jenifer na kusimama mbele yake na kile kisu cha kukwangulia marhamu, akiwaambia mbwa wakae chini kwa sauti ya mtu aliyezoea kushinda vinywa. Wakakaa. Mimi nilikuwa nimebeba kopo, kwa hiyo waliokuwa hawajakaa walinichagua mimi. Ndiyo maana naandika nikiwa upande mmoja.

Mama Mkuu akanijia. Hakupaza sauti. Akauliza, Denzil, mna nini humu? Nikasema rozimari. Akauliza, na nini tena? Nikamwambia, mama, na bata kidogo.

Walishuka wote kuoga mtoni. Hakuna aliyenisemesha. Morwenna alicheka mpaka akahitaji kushikwa.

Ijumaa, 27 Juni

Hodi. Loveday, peke yake, kavaa nguo za kawaida, na hilo likaniogopesha zaidi ya joho.

Nilikuwa naoka viazi. Mtu mwenye huzuni lazima ale, na kopo lilikuwa na masalio.

Akasimama mlangoni akatoa hukumu. Wamepiga kura. Kiti ni cha Petroc, kwa sababu ya joho na Bi Jenifer. Akasema kosa si bata. Kosa ni kusimama mbele ya watu waliokuletea supu, wakanyoosha nyayo zao kwako, ukawadanganya. Nikauliza kama nimefukuzwa. Aliponiona uso akalegea. Akasema hapana, nianze upya. Mwaka mmoja na siku moja. Nimwombe radhi kila mtu kwa mdomo wangu, na nitengeneze marhamu nyingine yenye vitu safi vya mimea. Kiti kikipatikana tena, wataona. Alhamisi nije tu, nibebe kuni, nikae nje ya duara.

Nje ya duara panasikika vizuri sana. Nilimshukuru kwa kweli.

Hakuondoka. Alikuwa anaangalia oveni. Nikamwambia ni viazi tu, mama. Akauliza vimeokwa na nini. Mimi, niliyetoka kukaripiwa kwa uongo, nikasema ukweli. Halafu akavuta kiti, akakaa, akasema kiazi ni mmea.

Alikula sahani mbili. Akapangusa ya pili kwa mkate. Mlangoni akaniambia nikithubutu kumweleza mtu atanifunga ulimi kwa uzi mwekundu, na siku hizi anaufunga vizuri.

Jumapili, 29 Juni

Nimewaomba radhi wote. Bi Jenifer amenisamehe kabla sijamaliza sentensi, akauliza kwa siri kama yamebaki mafuta kidogo ya kupaka viwiko vyake. Petroc alinikaribisha chai, akanionyesha marhamu yake, anaitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nimemsamehe. Sina kinyongo na mtu.

Sasa kazi. Nimeketi tangu asubuhi na maneno ya Mama Mkuu, mimi ni mtu wa kufuata maneno. Vitu safi vya mimea. Na yeye mwenyewe, mkuu wa kilinge, ametufundisha mezani kwangu kwamba kiazi kilichoogelea kwenye bata kinabaki kuwa mmea. Kwa hiyo kinachohesabika ni asili. Nikajiuliza: sadini anakula nini? Anakula vijimea vya baharini, maisha yake yote, hagusi kingine. Ukimkamua, unakamua bustani.

Wavuvi wa gatini wamenipa ndoo mbili za sadini, bure, wa jana. Nimezipandisha ngazi bila Morwenna kuona. Nimewabandika sadini jikoni, wameanza kutoa mafuta mazuri mno, ya dhahabu, mazito. Nimetia lavenda. Safari hii nitataja lavenda kwa sauti kubwa, na mengine kwa sauti ya wastani.

Nimefungua dirisha ili mvuke utoke. Shakwe, wale ndege wa gatini, wameanza kutua juu ya paa, mmoja mmoja, wametulia, wote wananiangalia mimi. Petroc hajawahi kupata dalili njema kama hii.