Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumamosi, 8 Juni 2013

Nimeingia Kasulu saa nne asubuhi na muswada wangu wa filamu ndani ya mfuko wa rambo. Jina lake *Kaburi Halina Dirisha*. Kurasa tisini na sita. Watu tisa wanakufa, mmoja wao mara mbili. Miaka miwili ya kazi.

Athuman anapiga picha za video kwenye harusi na kipaimara, lakini aliishi Dar es Salaam na anasema ameongoza filamu tatu. Kwa Kasulu na Kibondo nzima, hakuna mwongozaji mwingine. Alipima muswada kwa mkono kama anayenunua nyama. Akasema herufi ni ndogo, zinamuumiza macho. Akasema pia kwamba hana muda wa kusoma kila anacholetewa, ila ana kipimo kimoja: je, yupo mtu aliyesoma kazi yangu akatetemeka?

Nikamwambia nilimsomea mama mdogo kule Tarime kwa simu, kufika kifo cha tatu simu ikakatika.

Akasema hilo huenda ni salio.

Tukakubaliana hivi: nikipata mtu mmoja tu aliyetetemeka kwa kusoma, atachukua kamera yake aje Kibondo mwenyewe. Nimerudi nikiwa na furaha kubwa. Mtu mmoja ni nini?

Jumatatu, 10 Juni

Nimeshachagua wa kumtetemesha. Ni Loyce.

Mimi ni karani wa Ushirika wa Asali Mzinga Mmoja, hapa Kibondo. Loyce ni mtunza ghala. Ametoka Tukuyu, anaongoza kwaya, na Krismasi iliyopita alitunga igizo la kanisani ambalo liliwatoa watu machozi. Tangu hapo anatembea kama mtu mwenye kazi nyingine mjini. Mimi nilikuwepo. Kilicholiza watu ni kitoto kichanga kilichomwagiwa uji.

Nikaamua kuchapa nakala mpya yenye herufi kubwa, nimpe, kisha nimtazame mikono. Wenzangu walipotoka kwenda kula, nikawasha printa. Karatasi za kawaida zilikuwa zimekwisha. Nikatumia zenye nembo ya ushirika. Kwa herufi zile kubwa muswada umefika kurasa mia mbili na kumi na moja. Meneja wetu, Mzee Tharsisi, akarudi mapema kuliko kawaida yake. Nikakusanya zote haraka, nikazikalia mpaka saa tisa na nusu.

Nimezihesabu nyumbani. Ukurasa wa 41 haupo.

Ni ukurasa mzuri kuliko yote. Daktari Brayani anamwambia nesi Suzana maneno yake ya mapenzi. Anaanza ukurasa wa 40, na neno lenyewe, kwamba Suzana ameuiba moyo wake, linakuja ukurasa wa 42. Huo wa 41 ni kutetemeka tu kutoka juu mpaka chini.

Jumanne, 11 Juni

Nimeupata. Uko kwenye ubao wa matangazo, umepigwa pini nne.

Nilifika saa moja na nusu nikakuta watu wanane wamesimama kimya mbele yake. Nikasoma nyuma ya mabega yao, kana kwamba siujui:

*Nakijua ulichokichukua. Nakijua na mahali ulipokificha. Kila mtu humu ndani anakuona mwema, lakini mimi silali. Ijumaa isifike kabla hujakirudisha. La sivyo nitasimama mbele ya watu wote nitaje jina lako.*

Longinus ndiye aliyeubandika. Ni dereva wetu na ndiye tarishi wetu. Aliukuta kwenye printa, akadhani ni tangazo la meneja. Nilipomuuliza kwa upole kilichomfanya afikiri hivyo, alishangaa.

“Lilikuwa na nembo, dada Ghati,” akasema. “Na chini lina kumbukumbu namba, 41.”

Meneja naye anadhani limetoka kwa wakaguzi wa mkoa.

Mwezi uliopita Mzee Tharsisi alitangaza kwamba atakayetumia karatasi za nembo kwa mambo yake binafsi atafukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo nikakaa mezani kwangu, nikafunga mdomo. Ni adhabu mbaya kwa mwandishi: watu wanaisoma kazi yako wanakauka midomo, na wewe unajifanya unatafuta kifutio.

Saa nane mchana, mizani iliyopotea tangu mwaka jana ilikuwa imewekwa mlangoni pa ghala. Hakuna aliyeona nani ameileta.

Jumatano, 12 Juni

Ndoo ishirini za asali zimerudi. Mabomba matatu ya moshi wa kufukuzia nyuki. Ngazi. Baiskeli moja isiyo na kiti, na saa sita kiti chake nacho kikaja peke yake kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.

Longinus alishusha tairi la akiba la gari akalipangusa kwa shati lake. Alisema alikuwa analitunza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisha akaja Loyce na furushi. Mavazi sita ya kurinia asali, meupe, yenye kofia na neti. Alisema aliyaazima kwa muda. Sasa najua kwa nini malaika wa Krismasi walikuwa na neti usoni. Igizo zima liliendeshwa na mavazi ya nyuki! Nilimtazama mikono. Ilikuwa inatetemeka, tena vizuri sana.

Nikatoka nyuma ya ofisi nikampigia Athuman. Nikamwambia wanatetemeka. Akauliza wangapi. Nikasema kumi na moja, nisiowajua sijawahesabu. Akasema Ijumaa atakuja na kamera.

Alhamisi, 13 Juni

Mzee Tharsisi ameniita ofisini kwake na kufunga mlango. Nilishaanza kupanga nitakavyomweleza mama kwamba nimefukuzwa kazi kwa ajili ya sanaa.

Kumbe hakuwa amegundua. Alitaka ushauri.

“Binti yangu,” akasema, “wewe unajua kusoma barua za watu wakubwa. Hapa wanaposema Ijumaa isifike, wana maana asubuhi au jioni?”

Nikautazama ukurasa kama sijawahi kuuona. Nikamwambia kwamba kwa mtindo wa uandishi ule, aliyeandika ni mtu mwenye akili nyingi na elimu, na mtu wa namna hiyo akisema Ijumaa ana maana alfajiri.

Akafuta jasho. Akaanza kuniambia habari za jenereta ya ofisi, ile tuliyoambiwa iko kwa fundi Kigoma. Haiko Kigoma. Iko kwake, kijijini Mabamba, kwa sababu mjini kuna wezi, na aliona chumbani kwa mama mkwe wake kuna usalama zaidi. Nikasema naelewa. Akaniomba nisimwambie mtu, nami sijamwambia mtu, nimeandika tu.

Saa kumi na moja jioni Longinus aliileta kwa gari, imefunikwa blanketi la maua.

Sijawahi kumwandikia meneja jambo likatekelezwa siku hiyohiyo. Mara tatu nimeomba kiti kipya.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya kupima asali. Wafuga nyuki wamekuja toka asubuhi, wengi wao wa Mabamba. Longinus akawapokea getini kwa salamu za Kiha, mwakeye huku, mwakeye kule, utafikiri yeye ndiye mwenyeji wa sherehe.

Ghala lilikuwa wazi. Kila kitu kilikuwa ndani kimepangwa.

Mama Immakulata, mwanachama wetu wa Mabamba, alisimama mlangoni muda mrefu. Misimu miwili amerina asali akiwa amevaa koti la marehemu mumewe na kujifunga chandarua kichwani. Msimu uliopita nyuki walimuuma jicho likafumba siku nne. Kila alipokuja kuomba vazi aliambiwa hakuna, na mimi ndiye niliyekuwa naandika *hakuna*. Leo alivaa moja la yale meupe, akavuta neti, akageuka geuka. Halafu akaanza kucheza palepale, na wenzake wakampigia makofi. Nilijikuta nimeshika kalamu na siandiki.

Mzee Tharsisi akaitisha mkutano nje. Alisema ushirika umefufuka, na kwamba amepiga simu mkoani akaambiwa hawana habari na tangazo lolote. Maana yake aliyeandika yuko miongoni mwetu. Akasema anataka kumshukuru mtu huyo hadharani, ajitokeze bila hofu.

Kimya. Athuman alikuwa nyuma, kamera imewaka. Nikaifikiria kazi yangu. Nikafikiria kodi ya nyumba, na zile karatasi za nembo. Nikakaza makalio kwenye kiti.

Loyce akasimama.

Alisema kwamba Roho ndiye aliyemwongoza kuandika. Makofi. Vigelegele. Mtu akamvisha taji la majani. Yeye, aliyerudisha mavazi sita!

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nikiwa mbele, nimeshika muswada, nikisema kwa sauti kwamba mwandishi ni mimi, Ghati, na kama hamuamini sikilizeni yanayofuata. Nikasoma ukurasa wa 42:

*“Ni moyo wangu, Suzana! Urudishe moyo wangu, au uutunze milele katika friji ya mapenzi yako!”*

Mama Immakulata akainua neti.

“Kwa hiyo kilichochukuliwa ni moyo?”

“Ni moyo, mama.”

“Na huyo Suzana amerudisha?”

“Bado. Anakufa ukurasa wa hamsini.”

“Lakini sisi tumerudishiwa ndoo.”

Nikasema ndiyo, inaonekana hivyo.

Kicheko kikaanzia kwa wanawake wa Mabamba, kikapita kwa Longinus, kikamfikia Loyce, ambaye alilazimika kushika taji lisidondoke. Aliniambia baadaye kwamba alisimama kwa sababu kimya kile kilikuwa kinamtisha, akaona bora mtu aseme lolote. Namwamini nusu.

Mzee Tharsisi peke yake hakucheka. Aliuliza maneno haya yamechapwa kwenye karatasi gani.

Nikasema zenye nembo, mzee. Mia mbili na kumi na moja.

Akakohoa, akatangaza kwamba sheria ni sheria. Hapo Mama Immakulata akamwuliza, kwa heshima zote, jenereta ililala wapi miezi yote ile. Alisema haulizi kwa ubaya, ila blanketi lile la maua lililoifunika analifahamu, yeye na mama mkwe wa mzee huanika pamoja.

Mzee akatazama juu muda mrefu. Akasema nimepewa karipio la mdomo. Na kwa kuwa karatasi ni mali ya ushirika, nyuma ya kila ukurasa pataandikwa stakabadhi za asali za msimu huu. Akiwa anaondoka alinishika bega, akasema alikuwa hajalala vizuri tangu Desemba, na usiku wa jana amelala.

Basi muswada wangu umekwenda Mabamba ukiwa vipande vipande, kila mfugaji na ukurasa wake. Lakini kabla hawajaugawana walitaka niusome. Nikausoma wote. Kifo cha kwanza walicheka. Cha tatu walicheka wakashikana. Kufika cha sita Longinus alikuwa amelala chini akiomba nimwonee huruma. Loyce alilia kabisa, kwa kamasi.

Sikukasirika. Mtu akizidiwa na uchungu hucheka, hilo linajulikana. Nilisoma mpaka sauti ikanikauka, na kusema kweli sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii tangu nije Kibondo.

Jumapili, 16 Juni

Athuman amepiga simu kutoka Kasulu. Ameitazama mikanda yake usiku kucha. Anataka kutengeneza filamu nami, na ana mtu Dar ambaye ameshamsimulia na mtu huyo amekubali kuitazama.

Nikakaa chini. Nikamwambia naweza kuuandika upya *Kaburi Halina Dirisha* kwa wiki mbili, kwa kuwa naujua kwa moyo.

Akasema hapana, siyo hiyo. Anataka ile ya karani aliyepoteza ukurasa, watu wakaanza kurudisha vitu. Meneja na jenereta yake chumbani kwa mama mkwe. Malaika wenye neti. Yule mama wa Mabamba akicheza mlangoni pa ghala. Alisema nisibadilishe kitu, niandike tu kilivyotokea, naye wiki ijayo yuko tayari kuanza.

Nilimsikitikia. Mtu amekaa Dar miaka yote hiyo na bado hajui filamu ni nini. Nani ataacha shughuli zake akae saa mbili kutazama ndoo? Hakuna aliyekufa. Hakuna hospitali, hakuna uwanja wa ndege. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi ni mwandishi wa mambo mazito, na kama anapenda habari za ghala amtafute Loyce, ndiye mtu wa ghala. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema sana. Akachukua namba ya Loyce.

Sasa niko huru kuanza kazi kubwa. Nimeshapata jina: *Theluji ya Mwisho London*. Watakufa kumi na wanne. Tukio la kwanza ni usiku, theluji inaanguka juu ya jeneza. Hapo nimekwama kidogo, kwa kuwa sijui theluji ikidondoka hutoa sauti gani. Longinus aliwahi kufanya kazi kiwanda cha barafu Mwanza. Kesho nitamuuliza.