Njia Isiyo na Magari, Pamoja na Magari Yake

Inatangazwa kwa umma wote, wa miguu na wa magurudumu, kwamba Njia ya Kijani itokayo Montravail hadi Pont-Ligou, kilomita kumi na moja za lami laini juu ya tuta la reli ya zamani, haina gari hata moja, haijawahi kuwa nalo, wala haitakuwa nalo.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mheshimiwa Gontran Vasselin, mwenyekiti wa halmashauri yetu, na yako kwenye kibao kilichokazwa ukutani mwa nyumba yangu kwa skrubu nne, juu kidogo ya dirisha la jikoni. Sikuulizwa. Serikali ikikupigilia jambo ukutani, hiyo ni heshima, unashukuru na kuhamisha kamba ya vitunguu.

Nyumba yangu ndiyo ile ya mlinda kizuizi, pale barabara ya shamba inapokatana na njia. Mama yangu alishusha kizuizi treni zikipita, nami nikakishusha miaka thelathini na mmoja baada yake. Treni ikafa, reli zikang'olewa, kizuizi kikabaki, na mimi nikabaki nacho. Njia ya Kijani ilipofunguliwa, miisho yote miwili iliwekewa nguzo za chuma zisizong'oka. Pahali pekee ambapo gari linaweza kuingia ni kwangu. Nikaletewa barua mwezi wa tatu, yenye sahihi ya Mheshimiwa: niwafungulie wenye kibali tu, na siku nitakayomfungulia asiye na kibali, awe nani awe nani, nyumba inarudi kwa halmashauri. Nikaiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na cheti changu cha ndoa.

Mimi nilifurahi kweli. Dada yangu Zélie anakaa Pont-Ligou, kilomita nne kutoka kwangu, na nyonga yake haimruhusu kufika hata sanduku la barua. Kila Alhamisi nampelekea vitunguu vya liki, mkate na maneno ya watu. Zamani nilipita barabara kuu, na malori ya machimbo ya mawe yakanitupa mtaroni mara mbili. Sasa napanda baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ambayo marehemu mume wangu aliitilia sanduku la mbao nyuma, nakwenda zangu kimya kama maziwa yanavyomiminwa.

Lakini halmashauri yenye busara haiamini kimya. Itajuaje kwamba njia haina magari, kama hakuna anayekwenda kuhakikisha? Wiki ya pili akaja Bwana Fulbert wa Kitengo cha Utulivu, na gari la doria.

"Bibi Léontine, umeona gari lolote leo?"

"Nimeliona lako."

"Langu halihesabiwi, bibi. Langu ni la kuhakikisha."

"Basi sijaona."

"Andika hivyo."

Nikaandika kwenye daftari: hakuna. Wiki iliyofuata likaja gari la pili, kuhakikisha kwamba la Fulbert haliendi kasi. Kisha kigari cha mizigo, kuleta vibao vya "Hakuna Magari" na kuvisimika kila mita mia. Kisha lori dogo la kufyeka nyasi zilizoficha vibao. Kisha gari la mtaalamu wa ndege, maana ndege walikuwa wamekimbia na halmashauri ilitaka kujua wanakimbia nini. Mpaka mwezi wa sita nilikuwa nafungua kizuizi mara kumi na nne kwa siku, zaidi ya enzi za treni, na kila jioni naandika kwa mwandiko mzuri: hakuna.

Waendesha baiskeli wakaanza kupungua. Mwalimu mstaafu wa Montravail alisukumwa kwenye miiba na gari la vibao, akasema harudi tena. Nikabaki mimi.

Mwezi wa saba wakafukia mashine ya kuhesabu chini ya lami, mbele ya ua wangu. Mashine haijasoma waraka wowote. Yenyewe inahesabu magurudumu. Taarifa ya kwanza ikasema: magari tisini na nane kwa wiki, baiskeli moja, siku ya Alhamisi.

Kamati ikakaa siku mbili. Ikaonekana wazi kwamba njia yenye magari mengi kiasi hicho ni hatari kwa baiskeli. Uamuzi: njia ifungwe kwa baiskeli. Doria ziendelee, kuhakikisha hakuna baiskeli.

Nikampigia Zélie simu.

"Wanaifunga, dada. Mwenyekiti anakuja mwenyewe Alhamisi kutia sahihi."

"Utapita wapi sasa?"

"Kwenye malori."

"Wewe Léontine, una miaka sabini na sita! Usithubutu. Bora nife na hizi supu za pakiti."

"Kufa hufi wewe, unaahidi tu tangu mwaka ule wa theluji."

Akacheka, kisha akakata simu bila kuaga. Zélie asipoaga ni jambo zito. Mara ya mwisho aliacha kuaga siku ya mazishi ya mumewe.

Alhamisi, saa sita kasorobo, Mheshimiwa akafika kwa gari jeusi jipya, analiendesha mwenyewe, amevaa utepe wa rangi tatu begani. Kando yake alikaa katibu, Bi Perrine, na mkoba wa mihuri. Kibali kilikuwepo, nikawafungulia. Wakaingia, wakasimama juu ya njia, nami nikashusha kizuizi nyuma yao. Mkono wangu hushuka wenyewe, ni mazoea ya miaka.

"Haraka haraka, Perrine," akasema. "Saa sita na nusu nina mlo Pont-Ligou. Bata aliyeiva kwenye mafuta yake! Nimemwota tangu Jumatatu."

Akatia sahihi juu ya boneti, Bi Perrine akagonga muhuri, akasoma kwa sauti, maana amri huanza kazi ikisomwa: "Kuanzia sasa njia imefungwa kwa baiskeli na watembea kwa miguu. Vibali vyote vya magari vilivyotolewa kabla ya leo vimefutwa. Doria zitapewa vipya na kikao cha halmashauri cha mwezi wa tisa."

"Vizuri sana," akasema Mheshimiwa, akaingia garini. "Bibi, fungua nitokee barabara kuu, kule mwisho kuna nguzo."

"Kibali, Mheshimiwa."

"Si umekiona sasa hivi!"

"Nilikiona. Kimefutwa."

"Mimi ndiye niliyekifuta!"

"Na umekifuta vizuri, muhuri umekaa sawa kabisa." Nikaleta kopo la biskuti, nikampa barua yake ya mwezi wa tatu. Aliisoma mpaka pale pa awe nani awe nani, akairudia.

"Perrine, niandikie kibali."

"Vibali vya magari ni vya kikao, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe, kuzuia upendeleo."

"Ita dereva aje na gari lingine, lisimame nje ya kizuizi."

"Madereva wako mezani. Saa sita mpaka saa nane haguswi mtu. Waraka wako namba tatu."

Akatazama saa. Kule Pont-Ligou mpishi hampokei mtu baada ya saa saba kasorobo, awe mwenyekiti au askofu, na hilo Mheshimiwa alilijua kuliko sheria zote.

"Nitatembea, nifuate njia hii!"

"Imefungwa kwa watembea kwa miguu," nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto kwamba jiko ni la moto. "Kwenye ua wangu unaweza kukaa. Nina supu ya liki."

Akaitazama supu. Akaitazama baiskeli yangu.

"Perrine," akasema kwa sauti ya chini, "baiskeli ziko chini ya mamlaka ya nani?"

"Yako, Mheshimiwa. Ila ukizifungulia, inabidi useme usalama wa waendeshaji utalindwaje."

"Andika! Andika lolote!"

Bi Perrine ni mtoto wa mwalimu yule aliyesukumwa miibani. Akaandika bila haraka: njia imefunguliwa kwa baiskeli na waenda kwa miguu, na kwa usalama wao gari la aina yoyote, doria ikiwemo, halitasogea juu yake tena daima. Mheshimiwa akasaini bila kusoma. Harufu ya bata haisomi.

"Nipe baiskeli, bibi."

"Bila mimi haiendi. Leo Alhamisi."

Basi akakanyaga yeye, nami nikakaa sandukuni nyuma na liki zangu, utepe wa rangi tatu ukinipiga usoni. Bi Perrine alibaki; nikampigia kelele kwamba mayai yapo kabatini na siagi asiionee choyo. Pont-Ligou mwandishi wa gazeti alikuwa anasubiri mlo uleule. Picha ikatoka ukurasa wa kwanza: *Kiongozi Anayeonyesha Njia*. Zélie alinitazama nikishuka, akasema, "Léontine, umechelewa, lakini kwa dereva huyo nakusamehe."

Kiongozi anayeonyesha njia hawezi tena kuonekana garini. Kila Alhamisi Mheshimiwa anapita kwangu na baiskeli yake, amepungua tumbo, anaomba maji. Baiskeli nyingine zimerudi, ndege pia, hata mwalimu.

Gari jeusi bado lipo palepale. Kikao cha mwezi wa tisa kilisoma ile amri ya daima, kikaahirisha suala la vibali. Kuku wangu mwekundu anaatamia mayai kwenye kiti cha nyuma.

Wiki iliyopita Mheshimiwa alisimama, akajifuta jasho.

"Bibi Léontine, hivi gari langu..."

"Gari gani, Mheshimiwa?"

Nikamwonyesha ukutani, juu ya dirisha la jikoni: haina hata moja, haijawahi kuwa nalo, wala haitakuwa nalo. Akasoma mpaka chini, penye sahihi yake. Kisha akarudisha bilauri, akapanda baiskeli, nami nikafungua daftari na kuandika, safari hii nikiwa na dhamiri safi: hakuna.