Kochi la Marehemu

Soud alikuwa anapiga deki kwenye kliniki ya wanyama huko Queensbury, akipiga chafya kwa kila paka aliyepita, aliposikia malalamiko ya Kiswahili yakitoka ndani ya sari ya zambarau.

“Wezi wakubwa hawa! Pauni thelathini na moja kila mwezi, bima ya paka! Mimi mwenyewe meno yananiuma sina bima!”

Mtu mwingine angesikia mama wa Kihindi mwenye hasira. Soud alisikia riziki inaita. Watu wa aina yake Mungu amewapa masikio ya ziada, akasahau kuwapa haya.

Tumtendee haki kidogo, lakini. Sebuleni kwake Wembley kulikuwa na kochi la ngozi nyeusi alilolikopa dukani. Alilipa mara mbili kwa pesa, kisha akaendelea kulipa kwa maneno. Sasa barua ilikuwa imefika: pauni mia saba kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo madalali wa mahakama watakuja kulibeba. Mkewe Nurjehan, mtoto wa Tanga, aliisoma barua hiyo, akaikunja mara nne, akasema, “Kochi hili likitoka, na mimi natoka.” Nurjehan hakuwa mtu wa kurudia maneno. Na Soud alimpenda mkewe kuliko alivyoupenda uongo, na uongo aliupenda sana.

Akaegemeza dekio ukutani. “Shikamoo mama. Samahani, hiyo si lafudhi ya Tabora?”

“Marahaba. Tabora mjini! Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale. Mimi Varsha, Mnyamwezi wa kuvaa sari. Na wewe?”

“Mzaramo wa Kisarawe.”

Varsha akapiga makofi. “Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana wamekupa kazi ya kufagia mavi ya paka!”

“Na ninyi si mlikuja pwani kwa miguu, na mizigo ya watu kichwani? Hamjaacha. Sasa mnambebea paka bima!”

Wakacheka mpaka mbwa aliyekuwa anasubiri sindano akaanza kubweka. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtani wako atakutukana, atakunyang’anya kofia, atakuja hata msibani kwako kufanya vituko na kubeba vitu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Soud aliwahi kudanganya hata jina la mama yake mzazi, lakini kabila alilitaja la kweli. Hakujua kama siku moja litamtokea puani.

“Nimemwoza binti yangu kwa kadi tatu za benki,” Varsha alimweleza. “Mume ameshampa watoto wawili, mimi bado nalipa maua ya harusi. Nataka kupunguza, lakini huyu Sultani wangu ana miaka kumi na mitatu. Kila akiongeza mwaka, bima inapanda.”

“Ipo bima ya wenyewe, mama. Bima ya Pwani. Pauni kumi na tano tu kwa mwezi, paka awe mzee awe kitoto. Ila unalipa mwaka mzima kwa mkupuo.”

Varsha akapunguza sauti. “Nikileta wenzangu, mimi napata nini?”

“Pauni ishirini kwa kila paka. Zinatoka mwezi ujao.”

Macho ya mama yakang’aa, na Soud akajua samaki amemeza ndoana. Jumapili Varsha alimletea pauni mia saba na ishirini, za paka wanne, alizokusanya kwa mashoga zake wa hekaluni Neasden. Soud akakabidhi hati nne zenye picha ya simba, alizozichapa maktaba kwa peni kumi kila ukurasa, na sahihi yake chini.

“Niandikie na anwani na namba ya simu ya nyumbani, mtani,” alisema Varsha. “Hizo za mkononi mnazizima.”

Akampa. Jumatatu asubuhi akaenda dukani kulipa deni lote, akabandika risiti mlangoni mwa friji. Pauni ishirini zilizobaki alinunua nyama ya pilau. Usiku ule Nurjehan alijinyoosha kwenye kochi, akaweka miguu mapajani mwa mumewe, na Soud akahisi kwamba ulaghai, ukifanywa kwa mapenzi, unakaribia kuwa ibada.

Siku ya tisa simu ya nyumbani ikalia. Nurjehan akapokea.

“Ni mama Varsha,” alinong’ona, mkono juu ya kipokeo. “Anasema Sultani kaugua figo. Daktari anataka pauni mia nne. Bima inalipa lini?”

Soud, macho yamemtoka, akapitisha kidole shingoni: kata simu!

Nurjehan akamtazama, akaelewa, akarudi kwenye simu kwa sauti ya huzuni. “Mama, Soud amefariki.”

“Maskini mtani wangu! Amezikwa?”

“Jana.”

“Basi kesho nakuja matangani.”

Simu ilipokatika, Soud alikuwa amekaa chini. “Nilikwambia ukate simu!”

“Ulijichinja shingo, Soud! Mtu aliyechinjwa huwa anaulizwa hujambo?”

Maji yakishamwagika hayazoleki. Kesho yake Nurjehan alijifunga kanga kuukuu, akatandika mkeka mbele ya kochi, akampeleka marehemu kwenye kabati la nguo chumbani. Kupitia upenyo wa mlango Soud aliiona sebule yote. Alimwona Varsha akiingia na machozi, nyuma yake mwanawe Ravi na vijana wawili wenye mabega ya kubebea magunia. Kwa nini watu wa kuja kutoa pole wamevaa glavu za kazi? Soud akaanza kuhisi joto humo kabatini.

Varsha alimkumbatia mjane, akalia kwa kituo, akapenga kamasi. Halafu akatazama huku na huku.

“Bibie, hebu niambie. Sisi Tabora, kukiwa na msiba, vyombo vinatolewa nje, watu wanakaa chini. Kwenu pwani mnaomboleza kwenye kochi la ngozi?”

Nurjehan akababaika. “Hapana, mama, lakini...”

“Basi ni aibu kwa marehemu. Ravi! Toa kochi.”

“Mum, it weighs a ton.”

“Hata likiwa zito, beba!”

Kochi likainuka. Soud akashika mlango wa kabati. Akitoka, atakuwa mzima, na mtu mzima anashtakiwa kwa hati nne zenye sahihi yake. Asipotoka, kochi linatoka. Wakati huohuo sari ya Varsha, iliyojaa manyoya ya Sultani, ikapita mlangoni mwa chumba, na pua ya marehemu ikafanya ilichozoea kufanya.

Chafya ilitikisa viango vyote vya nguo.

Varsha aligeuka taratibu kuelekea kabatini.

“Afya, mtani,” alisema, akaendelea na safari yake. Alipita jikoni, akabandua risiti kwenye friji na kuikunja ndani ya mkoba. “Nimeona halidaiwi. Vizuri. Sikutaka mtani wangu alale kaburini na deni.”

Soud akachagua kubaki maiti.

Nurjehan alimkimbilia Varsha mlangoni. “Mama, tafadhali, hilo kochi ni langu!”

“Mtani akibeba kitu msibani haombwi, anakombolewa. Pauni mia saba na ishirini. Na wewe rudi ndani, bibie, una eda! Miezi minne na siku kumi. Watu watasema nini wakikuona barabarani?”

Mlango ukafungwa. Soud alitoka kabatini, akaenda dirishani. Chini, kochi lilikuwa linaingia kwenye gari la Ravi. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu paka mnene wa kijivu, mzima wa afya, anajilamba mguu. Yule paka hakuwahi kuugua figo wala kucha. Mnyamwezi alikuwa anaijaribu bima kama inalipa, na imemlipa kochi.

Soud aligeuka. Sebule ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka. Nurjehan alikuwa amekaa mkekani, miguu ameikunja, hamtazami.

“Nilisema kochi likitoka, na mimi natoka.”

“Mke wangu, nisikilize...”

“Lakini nimefiwa. Nina eda, siruhusiwi kutoka.” Akaokota viatu vya mumewe, kimoja kimoja, akavitupa kwenye ngazi. “Kwa hiyo toka wewe. Mjane halali nyumba moja na mwanamume baki.”

Kitasa kikazungushwa mara mbili. Soud akakaa kwenye ngazi, akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili. Manyoya ya paka yalikuwa yamebaki kila mahali, na akapiga chafya kubwa kuliko ile ya kabatini. Akangoja kidogo, sikio mlangoni.

Ndani hakuna aliyemwambia afya.