Uzinduzi wa Mashine ya Kukata Nyasi kwa Kukaa

(Hotuba iliyotolewa na Naibu Mkurugenzi Mstaafu, uani kwake, Jumamosi asubuhi, mbele ya mke wake, mama mkwe wake, shemeji yake ambaye ni fundi bomba, na binti yake nesi, aliyetoka zamu na bado hajalala.)

Mheshimiwa sana Mama wa Nyumba hii, ambaye pia ni Waziri wa Jiko, Fedha na Mambo ya Ndani. Mheshimiwa Mama Mkwe, mlezi wa mkutano huu. Ndugu yangu Shemeji, mtaalamu wetu wa mabomba, uliyeacha kazi za watu ili uje kutusikiliza (“Nimefuata spana yangu,” anasema Shemeji). Binti yangu mpendwa, mwakilishi wa sekta ya afya. Majirani mlioko nyuma ya ukuta, ambao najua mnasikia ingawa mnajifanya mnaanika nguo. Wageni waalikwa na mliojialika, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naiomba ijizingatie yenyewe. (Mama Mkwe anapiga makofi, akidhani hotuba imekwisha.)

Asante, Mama. Bado kidogo.

Nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani kuzindua rasmi Mradi Jumuishi na Endelevu wa Uboreshaji wa Nyasi za Uani kwa Kutumia Mashine ya Kukalia, mashine ambayo, kwa faida ya wale ambao hawafuatilii masuala ya teknolojia, mtu hatembei nyuma yake akitoka jasho, bali anapanda, anakaa, anashika mikono miwili ya chuma, mmoja kulia na mmoja kushoto, akisukuma wa kulia na kuvuta wa kushoto mashine inageuka papo hapo iliposimama, bila usukani, bila kupiga rivasi, na bila kumwomba mtu ruhusa. (Mama wa Nyumba anainuka kwenye benchi na kuelekea nyuma ya tangi la maji.)

Ndugu wajumbe, kila mradi una chimbuko lake. Mtakumbuka kwamba Jumapili iliyopita Mheshimiwa Mama wa Nyumba alitoa tamko, bila kupitia kamati yoyote, kwamba nyasi hizi, ambazo sasa zinafika magotini na zimekwishameza ndoo moja na kandambili ya Binti, zisipokatwa hadi leo basi ua wote utalimwa viazi vitamu. Nasema wazi kwamba tamko lile liliniuma. Nyasi hizi nilizipanda mwenyewe nikiwa bado kazini. Nilikuwa nasaini mafaili huku nawaza siku nitakayostaafu, nikae kibarazani nitazame ua wa kijani uliokatwa ukanyooka, na wapita njia waseme hapa anakaa mtu. Kwenye matuta ya viazi watasema hapa panalimwa, basi. (Binti anapiga miayo. Nyuma ya tangi inasikika sauti ya fyekeo: fyu, fyu.)

Kwa hiyo menejimenti haikulala. Iliundwa Kamati ya Uteuzi wa Mashine, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, katibu wake ni mimi, na mjumbe mwenye mawazo tofauti pia ni mimi, kwa ajili ya kuleta uwiano. Kamati ilifanya upembuzi yakinifu, ikakusanya data, ikawafikia wadau wote, na ninayo heshima kuwatangazia kwamba asilimia tisini na nane ya waliohojiwa waliunga mkono mradi kwa asilimia mia moja.

(“Mimi sikuhojiwa,” anasema Shemeji.)

Wewe ndiwe zile asilimia mbili, Shemeji. Hukusahaulika.

Sasa, kuuchagulia ua mashine si sawa na kununua ufagio. Kigezo cha kwanza ni upana wa visu. Mashine nyembamba inakwenda na kurudi siku nzima; mashine pana inapita mara chache kazi imekwisha. Kamati ilichagua pana kuliko zote. Ndipo Shemeji, bila kutumwa na mtu, akatoa futi yake mfukoni, akapima geti, akasema haipiti hata ikiingizwa kwa ubavu. Menejimenti ilikaa kikao cha dharura na kubaini kwamba mashine haina tatizo lolote, mwenye tatizo ni geti, na nguzo yake moja imewekwa kwenye orodha ya vikwazo vya maendeleo. (Mama Mkwe anauliza ni nani anataka kubomoa geti. Binti anamwambia hakuna, Bibi, ni maneno tu.)

Kigezo cha pili ni mteremko. Ua wetu, kama mjuavyo, unashuka kuelekea mtaroni, na wataalamu wanasema mashine za aina hii zikikuta mteremko wenye umande zinateleza, na dereva anajikuta ameingia mtaroni akiwa bado amekaa vizuri. Suala hili linafanyiwa kazi katika ngazi za juu. Kigezo cha tatu ni injini. Wapo waliopendekeza ya betri, kwamba haina kelele. Nikawauliza, isipokuwa na kelele jirani atajuaje kama tunayo? Tukapitisha ya petroli.

(“Baba, na kamba za nguo?” anauliza Binti. “Si zitakupata shingoni?”)

Swali zuri sana, na linaonyesha kwamba ada niliyokulipia haikupotea. Dereva atainama. Ukitazama nchi zilizoendelea, dereva anainama.

(“Mimi nauliza hivi,” anasema Shemeji. “Ua wenyewe ndio huu. Mashine ikiingia, ikageuka hiyo mara moja papo hapo, si kazi imeisha?”)

Ahsante. Hiyo ndiyo inaitwa tija.

(Sauti ya fyekeo imepita tangi na sasa iko karibu na mfuniko wa shimo la maji taka.)

Namwomba huyo anayefyeka apunguze sauti, kuna mkutano.

(“Ni mimi,” anasema Mama wa Nyumba bila kuinua kichwa. “Wewe endelea tu.”)

Naam. Tunapokea kwa mikono miwili mchango wa sekta binafsi.

Kigezo cha nne na cha mwisho, ambacho kamati ilikipa uzito wa pekee, ni kiti. Waheshimiwa, hicho ni kiti chenye springi, chenye mgongo mrefu, chenye mahali pa kuegemeza mikono na tundu la kuwekea kikombe. Ukikikalia unaona mbali. Na hapa naomba nitoke kidogo nje ya hotuba niliyoiandaa. Miaka mingi nilikuwa na gari na dereva. Siku niliyostaafu alinishusha hapo getini, akapiga honi mara moja, akaenda zake. Tangu siku ile sijakaa juu ya kitu chenye injini kinachokwenda ninakotaka mimi, na nikiingia mahali hakuna anayesimama. Nyumbani nilipakumbuka sana nikiwa kazini, na sasa niko nyumbani nakumbuka kazini, na ukweli ni kwamba inachosha. Silalamiki. Naitoa kama taarifa ya utekelezaji. (Binti ameacha kupiga miayo. Shemeji anaitazama spana yake.)

Turudi kwenye mradi. Natoa ahadi mbele yenu kwamba kufikia mwisho wa robo ya nne kila mwanafamilia atakuwa amepata mafunzo ya kugeuka papo hapo, yatakayotolewa katika wokshopu ya siku tatu yenye chai mbili kwa siku, kwamba fursa zitatolewa kwa usawa bila kujali umri wala magoti ya mtu (“Na mimi nitaendesha?” anauliza Mama Mkwe. “Utapewa cheti, Mama.”), na kwamba ua huu utakuwa kitovu cha ukataji nyasi katika ukanda wetu, mfano wa kuigwa, watu watoke mbali kuja kujifunza, na sisi tuwaambie ilianza kama ndoto ya mtu mmoja mwenye maono, ambaye kwa unyenyekevu wangu sitamtaja.

Tuinue sauti pamoja. Nikisema “nyasi”, mnajibu “chini”. Nyasi!

(“Amina,” anasema Mama Mkwe.)

Mashine!

(Fyekeo limepita kamba za nguo.)

Maendeleo yanakaa!

(“Yanakaa wapi?” anauliza jirani nyuma ya ukuta.)

Nakaribia kuhitimisha. Shukrani hazina budi kutolewa, nami natoa za dhati kwa wale vijana wa duka la zana kule barabara kuu, kwa moyo wao wa ukarimu. Wiki zote hizi, hata kabla ya lile tamko, wameniacha niende kila asubuhi, nipande mashine yao, nikae, nishike mikono yote miwili, bila hata siku moja kuniuliza kama nanunua. Nawashukuru pia kwa juzi, waliponiletea maji ya kunywa palepale kitini, wakanieleza kwa heshima kubwa, wakiniita Mzee, kwamba mashine ile haiuzwi na haijawahi kuuzwa, ni ya kukatia nyasi za dukani kwao, na kwamba wao wenyewe hawajui zinakouzwa. Kwa maana hiyo, Waheshimiwa, napenda kuutangaza mradi huu kuwa umezinduliwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Fyekeo limesimama. Ua wote nyuma uko wazi, ndoo imeonekana, na nyasi zimebaki kipande kimoja tu, pale aliposimama mzungumzaji. Mama wa Nyumba anajifuta jasho kwa kanga.)

(“Kumbe ndiko ulikokuwa ukienda kila asubuhi,” anasema.)

Ndiyo, Mheshimiwa.

(“Mimi nilidhani unatafuta kazi. Nikawa naogopa utaipata, uondoke tena.” Anakitazama kile kipande, kisha anamtazama mumewe. “Sikiliza, Baba. Huko nyuma kote ni viazi. Hapa mbele pabaki na nyasi zako, ukae uzitazame. Ila utazikata mwenyewe.” Anamkabidhi fyekeo, anaketi kwenye benchi kati ya mama yake na Binti, na kunyoosha miguu. “Anza hapo unapokanyaga.”)

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba menejimenti imeridhia kwa kauli moja.

(Anavua koti la suti. Anainama, anafyeka mara ya kwanza, anakosa. Anafyeka mara ya pili, nyasi zinalala. Shemeji anainuka kwenye benchi kumpisha, na wote waliobaki kwenye benchi wanasimama naye.)